Wifi Aliposema Anasikia Baridi

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, maana nakujua, ukisimama utaipitisha macho mara moja na kurudi kwenye mashuka yako. Sisi wazima. Karakana iko palepale, na mafriji ya watu yanaharibika kama kawaida, Mungu ashukuriwe. Baba naye yupo. Kila asubuhi anakuja, anakaa kwenye kreti la soda karibu na mlango, ananitazama nikilehemu mabomba, saa sita anaondoka. Ukimuuliza hali anajibu, "Nipo." Unamjua kaka yako.

Jirani yako aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi hata kengele ya kutoka kazini huisikii, unangoja wenzako wavue aproni ndipo ujue zamu imekwisha. Pole sana. Mashine za kufulia za hospitali zimekula masikio yako. Kwa kuwa simu haikufai tena, nimerudi kwenye kalamu. Mwandiko wangu uuvumilie, mkono huu umezoea bisibisi.

Sasa jambo lenyewe. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Tulinyamaza kwa sababu ile ya kwanza ilitoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama yake hayuko duniani, dada hana. Wanawake wa mtaani wapo, ila kila mmoja ana lake: huyu anasema mzazi asiguse maji wiki nzima, yule anasema mtoto apewe maji ya sukari. Mimi fundi wa friji, kitu kikipata joto nakijua, lakini mtoto hana kitufe.

Naomba uje ukae nasi wiki sita za mwanzo. Ulinichukua nikiwa na siku saba. Nani anajua kazi hiyo kukuzidi wewe?

Kuna jambo dogo lingine. Klinikini walimuuliza mke wangu mama yake alizaa vipi, akaeleza. Mimi nikiulizwa huwa nasema tu mama alikufa kwa uzazi. Alikufa na nini hasa, Shangazi?

Mwanao, fundi.

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma nimekaa, kama ulivyoamuru. Mimi mzima, miguu tu inavimba jioni. Wametuletea mashine mpya ya kukamulia mashuka, inatikisa jengo zima, na inasemekana mimi ndiye mfanyakazi pekee asiyelalamikia kelele zake. Jirani anawasalimu.

Hongereni. Nilipoisoma habari yenu nikarudi kupiga pasi nikachoma shuka la wodi, na katika miaka ishirini na tisa sijawahi kuchoma shuka. Msimamizi alinitazama, nikamwambia nina mjukuu njiani, akaenda zake.

Haya, sikiliza. Nimefua mashuka ya wodi ya wazazi miaka yote hiyo, na manesi wanapokuja na mizigo huwa nawauliza mambo. Tafuteni vitambaa vya pamba vilivyochakaa, vipya vinakwaruza. Vichemsheni, vianikwe juani, vikunjwe, viwekwe kwenye mfuko safi usioguswaguswa. Pedi nunueni za kutosha, damu ya uzazi haiishi kwa siku tatu kama mnavyodhani nyie wanaume. Mzazi akitoka chooni ajisafishe kwa maji ya uvuguvugu, na beseni hilo liwe lake peke yake. Mtoto awekwe kifuani kwa mama mara tu akizaliwa. Yale maziwa ya kwanza ya manjano msiyakamue mkayamwaga, ndiyo kinga yake. Maji asipewe, ya sukari wala ya nini. Kitovu kiachwe kikauke chenyewe, msipake kitu hata akija bibi wa nani kuwashauri. Alazwe chali. Kila atakayemshika anawe mikono, na asiyetaka kunawa amwone kwa macho.

Na wewe, kazi yako si kumbeba mtoto kwa maringo mbele ya wageni. Kazi yako ni kupika, kufua, na kusimama mlangoni kuwaambia watu mzazi amelala. Mtoto akilala, mama naye alale. Mama akilia siku ya tatu au ya nne bila sababu, usimuulize amekosa nini. Kilio hicho kikivuka wiki mbili, mpeleke hospitali.

Kuja sitaweza. Likizo imekwisha, na kwa masikio haya mtoto atalia mimi nimekaa kama gogo. Mtafutie mkwe wangu mtu anayesikia.

Shangazi yako.

15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku tunaendelea vizuri. Tumbo limekua, mke wangu sasa analitumia kama meza ya kuwekea kikombe. Nilijifunza kumfunga kichanga kwa kutumia kompresa ya friji, nikaifunga vizuri kwa kitambaa nikaiweka mezani. Mteja akaingia, akatazama, akauliza kama friji lake limejifungua.

Chumba nimekipaka chokaa. Baba alituletea beseni la bluu, akaliweka mlangoni akaondoka kabla hatujamkaribisha. Kesho yake nikamuuliza lile nililokuuliza wewe. Akajibu, "Muulize shangazi yako. Yeye ndiye aliyekuwepo. Mimi sikuwepo." Aliondoka saa nne badala ya saa sita.

Ushauri wako tumeubandika ukutani. Umejibu hata nisiyouliza. Ila moja nililouliza umeliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Na habari ya likizo, jirani yako amesema una siku arobaini ambazo hujawahi kuzigusa. Nini kinakuzuia kuja?

Mwanao.

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Samahani nimekawia, tulikuwa na kazi nyingi. Mimi sijambo. Kwenye furushi hili kuna vitambaa ishirini, nimevichemsha mwenyewe na kuvipiga pasi pande zote mbili.

Mama yako alikwenda ghafla. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku arobaini ninazo, jirani ana mdomo. Lakini sitakuja, na nakuomba usinibembeleze.

Ongezea haya kwenye karatasi ya ukutani, uyaandike kwa herufi kubwa. Mzazi akisema anasikia baridi wakati jua linawaka, akisema tumbo la chini linauma, damu ikinuka, pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, kichwa kikimgonga au macho yakiona giza, usingoje jioni. Usingoje hata chai ichemke. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi, hivyo hivyo. Na mtu yeyote asije akakwambia mke wako anadeka. Yeyote. Hata kama ni mwanamke aliyeletwa na ukoo kumwangalia, hata kama ni mimi.

Shangazi yako.

29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Vitambaa vimefika, mke wangu ameshukuru, analala amevikumbatia.

Ni yeye aliyesoma barua yako mara mbili. Akaikunja akaniambia, "Shangazi hashauri hapa. Anamkumbuka mtu."

Nani alisema mama yangu anadeka?

17 Mei

Mwanangu,

Salamu zangu leo hazina uzito, niwie radhi. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Baba yako alikuwa dereva wa lori, amekwenda safari ya siku kumi. Mama yako alikuzaa hospitali salama, siku ya pili wakamruhusu, nami nikaletwa kumwangalia. Sikutaka kuja. Wifi yangu alikuwa mtu wa maneno machache, tena amesoma kunishinda, nikamwona ana maringo. Nilipika na kufua, lakini kila alichoomba nilikisikia kama amri.

Siku ya sita, asubuhi, nilikuwa nimetoka kuanika nepi, jua kali. Akaniita. "Wifi, nasikia baridi." Nikamtupia blanketi. Akasema tumbo la chini linamkata, na damu ina harufu. Nikamjibu, "Uzazi ndio huo. Wenzako siku ya sita wanachota maji." Jirani alikuwa anapita dirishani, akauliza mzazi anaendeleaje. Nikasema, "Hajambo, anadeka tu."

Nilisema hivyo nimesimama kando ya kitanda chake. Alinisikia. Akageukia ukutani, na tangu hapo hakunitajia tena maumivu yoyote.

Mchana nikaenda kusukwa nywele. Rafiki yangu alikuwa anaolewa Jumamosi. Nilimwambia wifi sikawii, nikarudi alasiri jua linapungua. Nikakukuta unalia, umelowa, sauti imekukauka. Yeye alikuwa anawaka moto, anazungumza na watu wasiokuwepo. Majirani walimbeba wakampeleka. Daktari akaniuliza ameanza kuumwa lini. Nikasema, "Sasa hivi." Kichwa kilikuwa bado kinaniuma kwa misuko mipya. Wifi alikufa kesho yake saa sita mchana.

Baba yako alifika siku tatu baada ya mazishi. Akaniuliza kama mkewe alilalamika. Nikasema, "Hapana, hakulalamika hata kidogo, alikuwa anakuulizia wewe tu." Nilijidanganya kwamba namfariji. Kumbe nilimtwisha mzigo wangu mimi. Akaamini mkewe alikufa akimngoja. Lori akaliacha. Kukushika akashindwa, kila akikutazama aliona safari ile. Nimemtazama akiishi hivyo miaka thelathini na moja, na mdomo ninao.

Nikakuchukua wewe. Utajiuliza kama nilikupenda au nilikuwa najitakasa. Mwanzoni mimi mwenyewe sikujua. Ulipougua surua ukiwa na miaka mitatu, siku tisa zilipita sijamkumbuka mama yako hata mara moja, nakuwaza wewe tu. Hapo nikajua nakupenda, na nikaona aibu kwa hilo pia.

Sasa umejua kwa nini siji. Mtu kama mimi hawekwi karibu na kitanda cha mzazi.

Mwonyeshe baba yako barua hii ukitaka. Mimi sikuweza.

20 Julai

Shangazi,

Niliandika shikamoo nikaikata, nikaiandika tena. Shikamoo.

Mtoto alizaliwa tarehe kumi na moja Juni. Msichana, kilo tatu na robo. Jina tunabishana bado, kwa sasa anaitwa Mgeni, maana amekuja na kila mtu anamhudumia.

Barua yako niliificha ndani ya friji bovu na nikaapa sitafuata tena neno lako hata moja. Ile karatasi ya ukutani nikaibandua. Siku ya nne baada ya uzazi, mchana, bati linalia kwa jua, mke wangu akasema, "Mbona nasikia baridi?" Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Jirani aliyekuja kumwona akasema ni maziwa yanaingia, ni kawaida. Mke wangu mwenyewe akasema huenda ni uchovu, tungoje kesho. Nililiachia bakuli. Nilimbeba hadi kwenye teksi, jirani akafuata na mtoto, na bakuli nikalikuta njiani limepasuka tuliporudi.

Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani. Wakamsafisha, wakamtundikia dripu, tukakaa siku tano. Daktari alisema tumewahi. Nikatoka nje nikalia, wala sikujua namlilia huyu aliyepona au yule ambaye hakuwahishwa.

Sasa ni mzima, ananenepa, ananifokea. Lakini sikuandiki kukushukuru. Siwezi kukushukuru kwa elimu uliyoipata kwa kifo cha mama yangu. Nimeandika hivyo na sitakata.

Kinachoniunguza zaidi si hata nywele. Ni Baba. Mke wangu alitaka kumpa mtoto, akaficha mikono nyuma, akasema, "Mikono yangu haifai." Mke wangu akadhani ina grisi. Mimi nilikua nikijua baba yangu hanipendi, Shangazi. Nilikuwa na baba mzima, nikakua kama yatima, na wewe ulikuwa unaona.

Sijamwonyesha barua. Si langu kumwambia. Njoo umwambie.

22 Agosti

Mwanangu,

Nilirudi salama kwangu kutoka kwenu, basi lilikwama mara moja tu. Msalimie sana mkwe wangu. Alinipa mtoto nimwogeshe bila kuniuliza kitu, na alijua yote. Nilinawa mikono mara tatu na bado niliiona michafu. Mgeni ana masikio madogo mazuri. Aligeuza kichwa mlango ulipogongwa, ndipo nikajua umegongwa.

Ya karakanani uliyaona, ulikuwa umesimama mlangoni. Nilimwambia kaka yote, sikubakisha hata nywele. Hakunikatiza. Nilipomaliza akainua uso akasema kitu. Maneno machache. Niliona midomo ikicheza.

Sikusikia, mwanangu.

Kwa kawaida huwa nawaambia watu wanirudie. Pale nilishindwa. Nani anamwambia mtu aliyeubeba uongo wangu miaka thelathini na moja, "Samahani, rudia"? Nikatikisa kichwa tu kukubali, kama ninavyofanya kwa msimamizi kazini. Akanyanyuka akaenda zake. Mimi nami nikachukua basi la mchana ule ule kabla hujaniuliza.

Tangu hapo napiga pasi, naiona midomo ile. Nimejaribu kuisoma kila namna. Kama alinitukana, ni haki yake. Kama alinisamehe, sikustahili kutikisa kichwa namna ile kama mtu aliyeletewa chenji. Wewe ulisikia. Alisema nini?

Shangazi yako.

3 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mgeni ana wiki kumi na mbili, juzi amecheka kwa mara ya kwanza, alilicheka friji. Mama yake mzima.

Baba alisema hivi: "Na hilo la kuniulizia mimi, nalo ulilitunga?"

Nawe ukatikisa kichwa.

Mimi nilidhani umejibu. Nilisema moyoni, huyu mama ana moyo mgumu kama nondo, hata kumpunguzia kidogo hakutaka. Kumbe hukusikia. Nilipomweleza Baba kwamba hukusikia, alikaa kwenye kreti lake. Siku tisa alikuwa hajatokea karakanani. Akasema, "Kwa hiyo sijajibiwa bado." Miaka yote, Shangazi, neno hilo lako ndilo lililokuwa likimtesa, na ndilo alilokuwa nalo la mkewe. Hana lingine. Aliniambia, "Kama hakuniulizia, basi nataka kujua aliuliza nini. Hata kama alinitukana."

Mtoto hajamshika. Jana lakini aliniuliza shingo yake inakingwaje. Nikamwonyesha kwa kutumia tikiti maji. Alilishika tikiti lile kwa dakika nzima.

Mimi bado nina hasira na wewe. Inanijia nikiwa katikati ya kazi, naacha kulehemu. Lakini mke wangu anasema mtoto anakua haraka, na kweli anakua. Njoo hivyo hivyo nikiwa na hasira. Tukisema tungoje iishe, Mgeni ataanza shule hajakujua.

Ila kwanza mjibu Baba.

Mwanao.

9 Septemba

Mwanangu,

Ya hali zetu tutaulizana ana kwa ana, nakuja Ijumaa na siku zangu arobaini. Kabla sijafika msomee baba yako yafuatayo, maana nikiwa mbele yake naweza kuyalainisha.

Kaka,

Nilitikisa kichwa bila kusikia ulichouliza, lakini jibu ni lile lile. Nililitunga. Hakukuulizia.

Asubuhi ile aliomba maji, nikampa. Akaomba dirisha lifunguliwe zaidi, kabla ya baridi kumshika. Akaniuliza kama mtoto amecheua. Akaniambia yale ya maumivu, nami nikamjibu kama nilivyokueleza karakanani. Nilipotoka mchana alisema, "Mtoto umwache karibu yangu." Nikamwacha. Hospitalini hakututambua. Alimwita mama yake mara moja. Ni hayo tu, nimeyatafuta yote.

Ningeweza kuandika kwamba alijua uko njiani, nawe pengine ungepata usingizi. Lakini sijui alijua nini. Sikumuuliza.

Ijumaa nitakaa popote mtakaponiweka. Ukiwa na neno, liseme. Nisiposikia, safari hii nitakuomba urudie.

Dada yako.